Mafuta ya ndege yasiwe pareto ya pili

Ardhi ya Kisii na Nyamira isitolewe kwa mbegu za kutengeneza mafuta ya ndege. Gusii, yaani kaunti hizi mbili, ikiwa na cha kuuza katika biashara hii, basi ni mabaki ya shamba, na hayo pia yauzwe kwa mkataba ulioandikwa.

Soko lipo. Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mafuta yaliyochanganywa na yasiyo ya petroli. Tangu 2025 Umoja wa Ulaya unawalazimu wauzaji wa mafuta ya ndege kuchanganya asilimia 2 ya aina hiyo, nacho kiwango hicho kitafika asilimia 70 ifikapo 2050. Wanunuzi watatafuta mashamba, na siku moja watabisha hodi mjini Keroka, Gusii.

Kabla ya kuwafungulia, viongozi watazame kaunti ya Makueni. Tangu 2022 kampuni ya Eni ya Italia inakamua huko mbegu kama za mbarika. Mafuta ghafi husafirishwa hadi kiwanda cha Gela, Sicily, kusafishwa. Faida nono iko kwenye usafishaji, nao unafanyika ng'ambo. Hata mashudu ya mbarika hayamfai ng'ombe kwa kuwa yana sumu. Kazi yake ni kurutubisha udongo.

Makueni angalau ina ardhi kame ya kujaribia. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba ya Kisii. Shamba lililogawiwa wana, kisha wajukuu, limebanana migomba, mahindi na majani chai. Mbarika ikiingia, chakula kitang'olewa.

Mabaki ni hoja nyingine. Vigogo vya migomba, makapi ya miwa na matawi ya mikaratusi vinaweza kugeuzwa gesi au sukari, kisha mafuta, katika kiwanda kinachotoa pia umeme na mbolea. Lakini kigogo cha mgomba ni maji kwa sehemu kubwa. Kukibeba kwa lori hadi mbali ni kulipia nauli ya maji. Kwa hiyo kiwanda kijengwe karibu na mashamba, la sivyo mkulima ndiye atakayekatwa gharama hiyo.

Wakazi wa Gusii hawahitaji kufundishwa tahadhari. Walipeleka maua ya pareto, zao lililowahi kuipa Kenya sehemu kubwa ya soko la dunia, kisha wakasubiri malipo miaka nenda miaka rudi hadi wengi wakaing'oa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mabunge ya kaunti hizi mbili yapitishe masharti sasa, kabla mawakala hawajafika: kima cha chini cha bei, siku ya malipo, fidia ya kuchelewesha, na mahali pa kiwanda. Gavana atakayetia sahihi mkataba bila hayo manne atakuwa amewauza wakulima wake kwa mkopo.