NYOKA WA KATIKA BIDO



Kijana mmoja hapa Bengamisa aliniita nyuma ya nyumba yao. Alikuwa na bido iliyokatwa juu, na ndani yake nyoka mnene wa rangi ya majani makavu. Alimkuta siku aliyokuwa akipalilia kakao. Alitaka kumpeleka kwa wachimba almasi, wamlipe franga ili wamwone akimshika. Akaniambia: «Pasta, usiogope. Hii nyoka inanizoea. Inapulizaka tu, haiumake.»

Mpendwa, kupuliza si mazoea. Ni onyo. Nyoka akipuliza, akivimba, ao akiinua kichwa, anakuambia: nakuogopa, niache. Hakuchukii wala hakupendi. Anatafuta njia ya kutoka. Huyo mnene anaweza kulala kimya siku nzima, ndiyo maana watu wanamwita mpole. Lakini meno yake yanaweza kufika santimetri 5. Hakuna nyoka mwingine duniani mwenye meno ya sumu marefu hivyo.

Pengine unasema: mimi najua nyoka. Sikia habari ya Mmarekani Karl Schmidt. Mwaka 1923 alitoa kitabu juu ya nyoka wa Kongo yetu, wale waliokusanywa na Lang na Chapin tangu 1909 mpaka 1915. Mwaka 1957, kule Chicago, aliletewa nyoka mdogo wa mitini amtambue. Akamshika, akaumwa kidole gumba. Alifikiri sumu ni kidogo. Akaenda nyumbani, akaandika maumivu yake katika daftari. Kesho yake akafa. Elimu yake haikufunga kinywa cha nyoka.

Wengine wanataja Paulo kule Malta. Lakini Paulo alikuwa akiokota kuni. Hakumtafuta nyoka, na alipomkung'uta motoni hakumwokota tena awaonyeshe watu. Kumjaribu Mungu si imani.

Basi, ukikutana na nyoka, simama, kisha rudi nyuma polepole. Akiingia nyumbani, toa watoto, acha mlango wazi, usimzibie njia. Usimguse hata akikatwa kichwa, maana kichwa hicho kinaweza kuuma bado. Usiku tembea na tochi, na usiingize mkono katika shimo wala chini ya magogo.

Mtu akiumwa, asikimbie. Mvue pete na bangili, funga kijiti kando ya mguu ao mkono usitikisike, umbebe upesi hospitali. Usikaze kamba, usichanje wembe, usinyonye. Jiwe nyeusi halitoi sumu, linakula saa tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka wanaua watu 81,000 mpaka 138,000 kila mwaka, na wengi ni watu wa mashamba kama sisi.

Tulipokuwa tukizungumza, mdogo wake wa miaka minne alikuja, akainama kuchungulia ndani ya bido. Kijana alimvuta kwa nguvu, akaanza kutetemeka. Hapo hakusema tena kwamba nyoka ni mpole.

Tulifunika bido kwa ubao, tukaipeleka mbali na njia. Tukailaza, mdomo ukielekea msitu, tukasukuma ubao kwa mti mrefu, tukarudi nyuma. Nyoka alikawia, kisha akaenda zake. Kijana alisikitikia franga zake. Mimi nilihesabu vidole vyake: vyote kumi vilikuwapo.

Na wewe, kijana unayesoma, una nini ndani ya bido yako?