Nyumba mpya, dalali wa nani?

Wadau, Jumamosi nilimsindikiza rafiki yangu kuangalia fleti mpya Kigamboni. Alikuwa tayari kutoa malipo ya awali, akiba yake ya miaka sita. Kijana wa mauzo alitupokea kwa soda baridi na maneno matamu. Rafiki yangu akaninong'oneza: "Wakala wa nini tena? Si huyu hapa anatueleza kila kitu?"

Jamani, hapo ndipo tunapoliwa. Yule kijana analipwa na mjenzi. Hata dalali wa mtaani mara nyingi kamisheni yake inatoka kwa muuzaji. Bei ikipanda, naye anacheka.

Tangu mwaka 2008 tunayo sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, inayokuwezesha kupata hati ya fleti yako peke yake. Je, hati ipo? Kiwanja hakijawekwa rehani benki? Majibu yako kwa Msajili wa Hati, si kwenye vipeperushi.

Msimamo wangu: wa kukuonyesha nyumba humhitaji, unaiona mwenyewe. Unayemhitaji ni mtu unayemlipa wewe: wakili apekue hati, fundi akague kuta.

Tuliondoka bila kulipa. Mwenzangu kaninunia mpaka leo. Bora anune kuliko alie. Nyie mnasemaje?