Sikio Halina Kifuniko



Mzazi mmoja wa Mombo ametuletea swali ambalo twaona ya kuwa si lake peke yake. Nyumba yake i karibu na barabara kuu, pale njia ya Lushoto inapoachana na ile ya Dar es Salaam na Arusha ili ipande milima ya Usambara. Mwanawe, siku za likizo, huwauzia maji na machungwa wasafiri wa mabasi, na akiba yake ataka kuinunulia hedifoni zenye maikrofoni, apate kucheza gemu kwa simu pamoja na wenziwe watatu walioko Lushoto, Korogwe na Tanga. Baba aona ni ubadhirifu. Mama ana hofu nyingine: kijana ana visikizio vidogo vya bei rahisi, na akisha kuvivaa, aitwapo haitiki. Jioni moja alipovivua alilalamika ya kwamba masikio yanamlilia kama nyenje.

Kwanza twamjibu baba. Michezo ya kundi la watu wanne, kama PUBG Mobile iliyotoka mwaka 2018, husikilizwa kama inavyotazamwa. Mchezaji hujua kwa sikio adui anatoka kulia au kushoto, na huarifiana na wenziwe kwa mdomo. Basi kijana hakuomba pambo. Lakini hofu ya mama ndiyo kubwa zaidi, nayo ndiyo itakayotuonyesha kitu cha kununua.

Jicho lina kope za kulifunga. Sikio halina kifuniko. Ndani yake mna chembe zenye vinyweleo vidogo mno, ambazo hupokea mtikisiko wa sauti na kuipeleka khabari yake kwenye ubongo. Zikisha kufa, hazioti tena. Mlio wa nyenje alioutaja kijana ni onyo ya kwamba zimechoshwa. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo: sauti ya desibeli 80 yaweza kusikilizwa saa 40 kwa wiki, ikifika desibeli 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Kwa watoto kipimo ni desibeli 75. Tazameni jinsi nyongeza ndogo ya sauti inavyokula saa nyingi.

Sasa, kwa nini kijana huyu anaongeza sauti? Si kwa ukaidi. Mabasi yanapiga honi nje, malori yanashuka gia, na visikizio vyake haviizuii kelele hiyo, basi hushindana nayo. Kwa hiyo hedifoni njema kwake si ile yenye kishindo kikubwa, bali ni ile itakayomwezesha kupunguza sauti na bado asikie.

Ziko hedifoni za namna mbili. Moja ina vikombe vilivyofungwa nyuma, nayo huzuia kelele za nje. Ya pili ina matundu nyuma; hupitisha hewa na sauti yake huwa na nafasi, lakini kelele zote huingia. Kwa nyumba ya kando ya barabara, iliyofungwa ndiyo ifaayo. Walakini Mombo ina joto, na mito ya ngozi ya bandia hutoa jasho. Na atafute yenye mito ya kitambaa. Mwenziwe wa Lushoto, kwenye baridi, hatapata udhia huo. Na binti avaaye mtandio aijaribu juu ya mtandio wake, kwani kitambaa huacha mwanya, sauti ikavuja, naye akashawishika kuiongeza.

Zile zisizo na waya, za Bluetooth, ni nzuri kwa kusikiliza mawaidha. Katika mchezo, nyingi huchelewesha sauti kidogo, na maikrofoni yake ikifunguliwa, sauti ya masikioni huharibika. Waya ni bora na rahisi. Lakini kichwa cha waya kitazamwe: chenye pete tatu huchukua sauti ya masikio na ya maikrofoni pamoja, chenye pete mbili ni cha kusikiliza tu. Simu nyingine mpya hazina tundu hilo la duara, basi kwanza atazame simu yake. Wala asidanganywe na maandishi ya 7.1 juu ya boksi. Ana masikio mawili, na kulia na kushoto kulikopangwa vyema kwamtosha.

Ama maikrofoni, siri yake ni ukaribu. Ukiisogeza mbali mara mbili, nguvu ya sauti yako hupungua hadi robo, na kelele ya chumba hubaki vile vile. Kwa hiyo maikrofoni ya bei ndogo iliyo karibu na mdomo huishinda ya bei kubwa iliyowekwa mwisho wa meza, ikaokota feni, jogoo na honi. Na achague yenye mkono wa kupindika, aiweke pembeni mwa mdomo, umbali wa vidole viwili, pumzi isiipige.

Jambo jingine twalisisitiza khasa: na iwe na kitufe cha kuizima. Maikrofoni iliyo wazi haichagui. Mama akizungumza na jirani juu ya deni, au baba akimkanya mtoto, maneno hayo yamefika Tanga, na pengine kwa wageni wasiojulikana. Nyumba ina sitara yake, na mwenye maikrofoni ndiye mlinda mlango wake.

Siku ya kununua, tunamwomba baba afuatane na mwanawe dukani. Asilipe mpaka kijana aichomeke kwenye simu yake mwenyewe, asikie pande zote mbili, arekodi sauti yake na kuisikiliza, aupinde waya polepole penye kichwa kuona kama sauti inakatika, na aivae dakika kumi. Kitakachobana dukani kitauma nyumbani.

Kisha wapatane nyumbani. Sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu. Saa za kucheza zihesabiwe. Adhana ikisikika, au mama akiita, hedifoni zishuke shingoni. Na kwa kuwa zilizofungwa huzuia sauti, mtu na amguse bega wala asimdhanie kiburi. Barabarani asizivae kabisa, kwani lori halingoji mchezo uishe. Na masikio yakilia tena, apumzike. Yasiponyamaza, apelekwe hospitali.

Baba huenda akasema, haya yote kwa mchezo tu? Twamjibu: mchezo utapita, kama ilivyopita michezo yetu, lakini masikio atakayobaki nayo ndiyo atakayomsikilizia mkewe, wanawe, na wewe mwenyewe utakapokuwa mzee na sauti yako imepungua. Akiba ni ya jasho lake. Msaidie aitumie vyema.

Wa billahi taufiki.