Waraka kwa Wachimbaji Wadogo wa Dhahabu, Busia na Tororo

Kutoka: Kamati ya Chama
Kwa: Wanachama wote
Yah: Zebaki, mashimo na msitu wa Busitema

Ndugu wachimbaji, na akina mama mnaoosha kwa karai,

Tuanze na jambo tunalolifanya kila siku. Ukishakamua zebaki kwa kitambaa, kidonge kinachobaki unakiweka juu ya makaa. Weupe wake unatoweka, njano ya dhahabu inatokea. Ule weupe umekwenda wapi? Umeingia mapafuni mwako, na mwa mtoto uliyembeba mgongoni. Zebaki nyingine umeimwaga pamoja na maji ya karai.

Maji hayo yana safari. Mto Sio unayapeleka Ziwa Victoria. Mto Malaba unayapeleka Mpologoma hadi Ziwa Kyoga. Matopeni, zebaki hugeuka sumu kali zaidi, ikaingia kwenye samaki. Samaki huyo tunamla sisi na ndugu zetu wa upande wa Kenya. Ugonjwa unaoletwa na sumu hiyo uligunduliwa mwaka 1956 katika jamii ya wavuvi wa Minamata, Japani, na mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji wao. Uganda iliuridhia mwaka 2019.

Sheria ya madini ya mwaka 2022 imetutambua wachimbaji wadogo. Anayetambuliwa huwajibika. Kwa hiyo tunawasihi:

1. Asiyeweza kuiacha zebaki leo, achomee ndani ya retoti, kile chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba. Mvuke hupoa, zebaki hurudi chupani, nawe huinunui tena kesho.

2. Mchanga uliooshwa vizuri uyeyushwe kwa boraksi, bila zebaki kabisa.

3. Tusioshee mtoni wala kinamasini. Tuchimbe bwawa kando, maji yatumike tena.

4. Udongo wa juu uwekwe pembeni tangu siku ya kwanza. Shimo likiisha, lifukiwe, udongo huo urudi juu. Shimo lililoachwa wazi hujaa mvua, likazaa mbu na kumeza ndama.

5. Busitema ni msitu wa hifadhi, chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Tusichimbe humo bila kibali, wala tusikate humo nguzo za mashimo. Tununue mikaratusi ya wakulima.

Waraka huu usomwe kwa sauti penye mashimo kabla ya kazi kuanza, kwa Kiswahili, Kisamia, Kiteso na Kipadhola. Aliyesikia amwambie aliye chini shimoni.

Kamati ya Chama