MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Chumba Chini ya Mikorosho



Juma hili tuzungumze juu ya nyumba ya kupanga. Najua baadhi yenu mtashangaa. Mtu wa kijijini anayo nyumba yake. Aliijenga mwenyewe kwa miti na udongo, akaiezeka makuti, wala halipi kodi kwa mtu. Habari za kupanga ni za watu wa Dar es Salaam! Hata mimi niliwaza hivyo zamani. Lakini fikeni Kibiti mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa. Mtawaona baba na mama wa delta ya Rufiji wamebeba godoro, ndoo na gunia la mchele, wanapita nyumba kwa nyumba wakipiga hodi na kuuliza kama pana chumba. Hao ni wakulima na wavuvi kama ninyi. Wanamtafutia mtoto mahali pa kulala ili asome sekondari.

Januari 2016 ada ya shule za serikali ilifutwa mpaka kidato cha nne, nasi twashukuru. Ila chumba hakikufutwa. Na mtoto wa delta, shule yake ikiwa Kibiti, hawezi kwenda na kurudi kila siku. Kwanza ni boti au mtumbwi, tena kwa kungoja maji yajae, mpaka Nyamisati. Kisha gari mpaka Bungu. Kisha ndiyo barabara kuu ya kwenda Kibiti. Basi sharti alale kule.

Kibiti si mji mkubwa, lakini umekuwa haraka. Wazee wanakumbuka mafuriko ya mwaka 1968, na Operesheni Rufiji iliyofuata, watu wa bondeni walipohamishwa kuja juu kwenye nchi kavu. Mwaka 2003 likafunguliwa daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, na magari ya Lindi na Mtwara yakaacha kungoja kivuko. Mwaka 2016 Kibiti ikawa wilaya yake, mbali na Rufiji. Wakaja maafisa, walimu na waganga, na kila mmoja anataka chumba chenye umeme karibu na barabara. Katika masika ya 2024 mafuriko yalifunika tena mashamba na nyumba katika wilaya zote mbili, na watu wakapanda tena kutafuta pa kukaa. Kwa hiyo vyumba vya kando ya lami vina bei. Mtu mwenye mfuko mwepesi huenda nyuma, mwendo wa nusu saa kwa miguu, mahali ambapo nyumba zimekaa katikati ya mikorosho, minazi na miembe.

Nami nasema si mahali pabaya hata kidogo. Pana kivuli, pana upepo, mtoto anasoma nje chini ya mwembe bila kelele za muziki na magari. Kodi ni nafuu. Lakini piga hesabu yote, usipige nusu. Tuseme, kwa mfano tu, chumba cha barabarani ni shilingi 40,000 kwa mwezi na cha mitini ni 20,000. Umeokoa 20,000. Mtoto akipanda bodaboda kwa shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, kwa siku 20 za shule ni shilingi 40,000. Nafuu yako imeliwa mara mbili! Kwa hiyo tembea mwenyewe kutoka chumbani mpaka shuleni, kwa miguu ya mtoto, tena asubuhi mapema kungali na giza, ndipo ujue kama anaweza.

Mtu wa delta akionyeshwa nyumba hatazami rangi ya ukuta; anatazama juu, kwenye boriti. Anafanya vema. Yeye azijua boriti za mikoko tangu utoto. Majahazi yalizibeba mpaka Unguja na Uarabuni, na vyumba vya huko vilipimwa upana kwa urefu wa boriti zetu. Lakini asimame pia nje na kutazama matawi. Tawi likigusa paa, ni njia ya panya, na penye panya nyoka hakawii. Katika mikorosho, miembe na minazi ya pwani yetu yuko nyoka wa kijani anayekaa mitini. Ni mwembamba, hapendi ugomvi, lakini sumu yake ni kali. Mwombe mwenye nyumba akate tawi kabla hujaingia. Ukiisha kulipa, hatakusikiliza upesi. Tazama tena mnazi uliosimama juu ya njia ya chooni, maana nazi ikianguka haimchagui mtu. Na mifereji ya bati ikijaa majani ya mwembe, maji ya mvua yanaoza humo na mbu wanazaliana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wageni hawalijui, nalo huleta ugomvi kila msimu. Katika pwani yetu mti na ardhi si lazima viwe vya mtu mmoja. Aliyepanda mkorosho ndiye mwenye mkorosho, hata kama kiwanja ni cha ndugu yake au kimeuzwa. Wewe umepanga chumba, hukupanga mti. Kivuli ni chako bure, lakini korosho si zako, wala nazi, wala embe. Mabibo yaliyoanguka mara nyingi hakuna atakayekukatalia, lakini korosho ni fedha ya mtu ya mwaka mzima. Waeleze watoto siku ya kwanza, tena mbele ya mwenye nyumba. Mtoto wa mpangaji akiitwa mwizi kwa ajili ya korosho kumi, jina hilo litamfuata mpaka darasani.

Tena mikorosho hupuliziwa salfa. Kuanzia mwezi wa Juni hivi, maua yanapotoka, wakulima hupita na mashine alfajiri, kabla umande haujakauka, kupiga ubwiriunga. Unga ule wa manjano unaingia kila mahali: machoni, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye ndoo isiyo na kifuniko. Mwenye pumu atapata taabu sana. Basi uliza: mikorosho hii hupuliziwa lini, na nani, na je atatuambia jioni yake? Mkulima mwema hakatai kusema. Ukijua, utafunika maji, utaingiza nguo, utafunga madirisha, na asubuhi hiyo mtoto atawahi kutoka.

Juu ya fedha nina neno langu mwenyewe. Zamani nilipanga vyumba viwili pembezoni mwa mji mmoja, nikalipa kodi ya miezi sita mkononi, bila karatasi. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa heshima, nilimwamkia shikamoo kila asubuhi. Ningemdai karatasi kwa uso gani? Mwezi wa tatu mzee akafariki. Ilipokwisha arobaini wakaja watoto wake kutoka mjini, wakasema hawajui habari ya miezi sita. Sikuwa na hata mstari mmoja wa kuonyesha. Nikalipa tena ile miezi mitatu iliyobaki. Sikuwalaumu sana, wao nao walikuwa wanatafuta vitu vya baba yao gizani. Lakini mke wangu hakuisahau hesabu hiyo, na hata leo hunikumbusha.

Kwa hiyo karatasi si matusi. Andikeni mbili, moja yako na moja yake: jina la mwenye nyumba na la mpangaji, tarehe, kodi ya mwezi, miezi iliyolipwa, umeme unagawanywa vipi kama luku ni moja kwa nyumba nzima, choo kikijaa nani analipa, na mmoja akitaka kuachana na mwenzake atatoa habari kwa muda gani. Wekeni sahihi mbele ya mashahidi wawili. Mwenyekiti wa kitongoji akiwa mmoja wao ni bora zaidi, maana ndiye atakayekujua siku ya shida. Kama hujui kuandika, mwanao wa sekondari ataandika. Ndiyo kazi ya kwanza ya elimu yake.

Sasa mtoto mwenyewe. Hapa nawaomba mnisikilize, baba na mama. Wazazi wengi humwacha mtoto wa miaka kumi na minne peke yake chumbani, na kilo za mchele, na jiko la mkaa, kisha wanarudi delta na maji ya kupwa. Watoto wenyewe wanakiita chumba hicho geto. Kwa msichana ni hatari kubwa. Mchele ukiisha katikati ya mwezi, atatokea mtu wa kumpa chipsi, halafu wa kumpa simu, na mtu huyo hatoi bure. Ni kweli, tangu 2016 sheria yaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Lakini sheria huja baada ya jambo kutokea, na mara nyingi jirani amenyamaza. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua aruhusiwa kurudi shuleni, na wazazi wasimzuie. Hata hivyo njia yake imekuwa ndefu. Na wavulana msidhani wamesalimika. Chumba kisicho na mkubwa hugeuka haraka kuwa mahali pa bangi na kamari.

Nimeona watu wa kijiji kimoja cha delta waliofanya vizuri. Familia nne walipanga pamoja nusu ya nyumba ya Kiswahili: vyumba vitatu vya upande mmoja wa korido, na uani wa kushirikiana na upande wa pili. Wasichana chumba kimoja, wavulana kingine, na cha tatu cha mtu mzima. Mkubwa alikuwa bibi wa mmoja wao, mjane, na familia zile zilimletea mchele na samaki mkavu kwa zamu. Siku za kwanza bibi alilalamika kwamba miti inamzibia upepo na samaki wa Kibiti hawana ladha. Mwezi wa pili alikuwa amepanda mchicha karibu na bomba la maji, na watoto wote wa jirani wakimwita bibi. Kodi ya kila familia ikawa ndogo kuliko chumba kimoja cha peke yake. Hati ya Haki za Familia iliyotolewa na Kiti Kitakatifu mwaka 1983 yasema, katika kifungu cha 11, kwamba familia ina haki ya makao yanayolingana na hesabu ya watu wake. Vyumba vitatu kwa watu tisa si vingi, lakini pana mlango kati ya wasichana na wavulana.

Majirani wengi kule ni Waislamu, na wengi ni watu wema kwa wageni. Mwezi wa Ramadhani usipikie barazani mchana. Jioni wakikuletea futari, usirudishe bakuli tupu. Uliza pia jumuiya yetu inakutania nyumba gani. Mtoto akijulikana jumuiyani, akikosa Jumapili moja tu mtu atauliza.

Neno la mwisho ni la usiku. Vyoo vya kule viko nje, na wazee wa Rufiji hawajasahau miaka ya 2002 mpaka 2004, simba walipoua watu zaidi ya 30 katika vijiji vyao. Leo hofu kubwa ni nyoka, na watu wabaya. Kwa hiyo usilipe siku ya kwanza. Rudi tena saa mbili usiku, na tochi, utembee kutoka mlangoni mpaka chooni. Tazama kama komeo linashika, kama taa ya jirani inaonekana kutoka pale, na kama mtoto akipiga kelele kuna mtu wa kusikia.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi mpunga usiliwe na panya.