Mota katika Cherehani ya Zamani

Akina mama wa Ntalikwa wametuuliza kama cherehani ya kukanyaga yaweza kutiwa mota ya umeme. Yaweza, nayo haiharibiki: mota ndogo hufungwa nyuma, karibu na gurudumu la mkono, na mkanda mfupi hulizungusha. Kwanza someni maandishi ya mota. Umeme wetu ni volti 230. Mota ya Marekani ya volti 110 itaungua. Mkanda usikazwe mno, maana huilemea mota. Katika cherehani za Singer gurudumu huzunguka kumwelekea mshonaji. Likizunguka kinyume, uzi hujisokota. Ila kanyagio lisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu! Umeme hukatika, na sare za watoto zangoja. Mkanda mrefu wa ngozi utundikeni ukutani, karibu.