Makuta ya mchezo mrefu: tulipe kiti, tusilipe zamu



Tangu trimestri hii ianze, kuna neno moja linalozunguka katika internati na katika uwanja: makuta ya mchezo wa Diplomacy. Komite ya klabu ya michezo inataka kila mchezaji alipe franka 200 kila zamu. Wengine wamekubali, wengine wananung'unika chini chini wakati wa kula. Kwa sababu mimi ni kapita, manung'uniko hayo yananifikia kila siku, na naona ni heri tuyaseme hapa mbele ya wote. Maoni yangu ni haya: mchezo mrefu usiuzwe zamu kwa zamu. Uuzwe mara moja, mzima, kwa bei moja, na bei ijulikane kabla ya kuanza. Tena kuwe na garanti inayorudishwa kwa kila anayecheza mpaka mwisho, hata kama ameshindwa.

Kwa wale wasioujua mchezo huu, nieleze kidogo. Aliyeutunga ni Mmarekani Allan Calhamer, na ulianza kuuzwa mwaka 1959. Unachezwa na watu saba. Kila mmoja anashika inchi moja kubwa ya Ulaya ya mwaka 1901: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria, Urusi au Uturuki. Hakuna kete, hakuna bahati. Watu wanazungumza pembeni, wanaahidiana, wanadanganyana, kisha kila mmoja anaandika amri za majeshi yake kwa siri, na amri zote zinasomwa pamoja. Ramani iko na vituo 34. Mwenye kushika 18 ameshinda.

Hapa kwetu tunacheza zamu mbili kwa juma, Jumanne na Ijumaa. Kila mwaka wa mchezo una zamu mbili za mwendo, basi miaka kumi ni zamu 20, ni kusema majuma kumi. Ni karibu trimestri nzima. Kwa franka 200 kila zamu, mtu mmoja atatoa franka 4,000, na watu saba watatoa 28,000. Kwa mwanafunzi wa internati hayo si makuta ya kuchezea.

Mtu ataniuliza: «Mbona dame pale barabarani hatulipe kitu?» Ni kweli. Dame inachezwa na vifuniko vya chupa, inamalizika kabla ya kengele, na haihitaji msimamizi. Ukichoka, unaondoka, na mwingine anakaa mahali pako. Mchezo mrefu hauko hivyo. Unahitaji mtu wa kukusanya amri, kuhesabu nani amemsukuma nani, kuandika matokeo na kutoa fotokopi saba. Kazi hiyo na karatasi hizo ziko na bei. Kwa hiyo sisemi mchezo uwe bure. Nauliza tu: ni njia gani ya kulipisha iliyo ya haki?

Tusifikiri kwamba sisi ni wa kwanza kujiuliza hivyo. Mwaka 1963 John Boardman, huko New York, alianzisha Diplomacy ya kuchezwa kwa posta katika kijarida chake kilichoitwa Graustark. Mwaka 1970 Rick Loomis, kijana wa Marekani aliyekuwa askari, alianzisha mchezo wa posta ulioitwa Nuclear Destruction, na kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya Flying Buffalo. Wachezaji walituma amri kwa barua, ordinatere ikahesabu, na matokeo yakarudi kwa posta. Kampuni ile ililipisha kwa zamu. Njia hiyo ilikuwa na akili yake, na komite yetu inafuata akili ile ile: kila zamu inakula karatasi, tembre na saa za mashini, basi anayecheza zamu alipe zamu. Anayetolewa mapema hawalipii wengine. Ni hoja yenye nguvu, siidharau.

Lakini tazameni inavyofanya ndani ya moyo wa mchezaji. Yule anayeshinda analipa kwa furaha, maana kila franka 200 inamkaribisha kwenye ushindi. Yule anayeshindwa, aliyebaki na jeshi moja tu, kila Jumanne na kila Ijumaa anajiuliza: «Nilipe tena juu ya nini?» Mwisho anaacha. Na akiacha, siye peke yake anayepoteza. Katika mchezo wa watu saba, inchi iliyoachwa ni zawadi kwa jirani zake. Ujerumani ikikosa mwenyewe, Ufaransa na Urusi wanakula vituo vyake bila jasho, na Uturuki aliyecheza vizuri mbali kule anashindwa kwa sababu ya mtu aliyeondoka, hakushindwa kwa akili. Basi bei ya kila zamu inafungua mlango wa kutoka kila juma, na inamfungulia hasa yule ambaye tunahitaji abaki.

Kuna na jambo lingine, na hili ndilo linalonisukuma kuandika. Kati yetu kuna wenye wazazi wanaolipa minerval kwa transhi, tena kwa shida. Anaporudishwa nyumbani kutafuta minerval, mwenzetu amekwisha kupata haya ya kutosha. Je, akirudi siku ya tatu akute jeshi lake limesimama na vituo vyake vimechukuliwa, juu ya franka 200? Hapo mchezo umegeuka kuwa mtihani wa mfuko. Aliye na baba mwenye duka hatakosa zamu hata moja. Ramani itatuonyesha nani tajiri, na hilo tulilijua mbele ya kuanza.

Hatari ya pili ni mbaya zaidi. Nimesikia mmoja akisema: «Mwenye makuta aongeze, apewe jeshi moja la pili.» Hapana kabisa. Michezo mingine ya posta ya zamani iliuza amri za ziada, na siku hizi michezo mingi ya telefoni inauza nguvu waziwazi: lipa, upate askari, lipa, usingoje. Mchezo wa namna hiyo hauna haja ya akili. Makuta yanunue kiti mezani, yasinunue nguvu juu ya ramani.

Na kuna mifano mizuri. Lichess, ambayo Mfaransa Thibault Duplessis aliianzisha mwaka 2010, inaacha watu wote wacheze sataranji bila kulipa, hata ile ya polepole ambapo mtu anaweza kupewa siku nyingi kwa hatua moja. Inaishi kwa michango. Anayechanga anapata alama ndogo ya bawa karibu na jina lake, basi. Hapewi kete ya ziada, wala muda wa ziada. Board Game Arena nayo, iliyoanza mwaka 2010, iko na michezo ambayo inatosha mtu mmoja aliyelipa afungue meza, na wenzake wasiolipa wanaweza kukaa naye. Kumbe inawezekana kulipisha bila kumdhulumu asiye na kitu! Hata katika vijarida vya Diplomacy vya posta, kulikuwa na wasimamizi walioomba ada mara moja mwanzoni, na wengine walishika garanti iliyorudishwa kwa mchezaji asiyekimbia. Sisi tuchukue hapo.

Sasa niseme hesabu. Fotokopi moja ni franka 100. Kila zamu ni fotokopi saba, maana yake franka 700. Zamu 20 ni franka 14,000. Tukigawanya kwa watu saba, kila mtu ni 2,000. Hiyo ndiyo bei ya kweli. Komite inaomba mara mbili yake. Nilipouliza, nikaambiwa kwamba zile 14,000 za pili ni za kununua ubao mpya wa sataranji. Ni nia njema, lakini isemwe wazi, na anayetaka achange. Tusiifiche ndani ya bei ya mchezo mwingine.

Basi napendekeza hivi:

1. Kila mchezaji alipe franka 2,000 kwa mchezo mzima, na franka 1,000 ya garanti, kama ile garanti ya nyumba ambayo wazazi wetu wanaijua sana. Jumla ni 3,000.

2. Asiyeweza kulipa mara moja alipe kwa transhi tatu za 1,000. Akichelewa, deni ni la mtu, siyo la jeshi. Mtunza hesabu atamdai yeye, lakini amri zake zitasomwa kama za wengine.

3. Asiye na makuta kabisa aandike kwa mkono nakala moja ya matokeo kila zamu, kwa karatasi ya daftari lake. Nakala 20 zinaokoa franka 2,000, ni bei yake nzima. Hiyo ni kazi, siyo msaada, na mtu asimcheke. Garanti yake iwe neno la rafiki mmoja anayemsimamia.

4. Kila mchezaji aandikishe naibu mmoja. Akiwa mgonjwa au akirudishwa nyumbani, naibu aandike amri zake.

5. Garanti irudishwe siku ambayo mchezo unamalizika, au siku ambayo jeshi la mwisho la mtu limetolewa ramanini. Anayeacha bila naibu aipoteze, na makuta hayo yaingie katika karatasi za mchezo unaofuata.

6. Mchezo ukimalizika mapema, salio ligawanywe. Mfano: ukiisha kwenye zamu ya 12, zamu nane zimebaki, ni franka 5,600, kila mtu anarudishiwa 800. Ukifika zamu ya 20 bila mshindi, wote waliobaki wahesabiwe sare. Sare ya kupatana inajulikana katika sheria za mchezo wenyewe.

7. Hesabu ibandikwe pamoja na ramani kila Ijumaa. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Najua jibu litakalokuja: «Na yule aliyetolewa kwenye zamu ya nane? Amelipia zamu 20!» Ni neno la haki, na sitalificha. Huyo amelipa zaidi kwa kila zamu kuliko wengine. Lakini alichonunua tangu mwanzo ni meza ya watu saba ambayo haitavunjika, na alikinunua kwa bei iliyojulikana, wakati hakuna aliyejua nani atatolewa. Wote saba walikuwa katika hatari moja. Hiyo kwangu ni haki zaidi kuliko bei inayomwuma mtu mara kwa mara wakati ule ule anaposhindwa. Tena garanti yake inarudi siku hiyo hiyo, na anaweza kuwa naibu wa mwingine.

Wengine watasema: «Hiyo ni michezo tu, kapita, tuachie.» Mimi sikubali. Sisi wa klasi ya mwisho tutatoka hapa baada ya Examen d'État, na wengi wetu watashika makuta ya watu: kanisani, katika koperative, katika duka, katika ofisi. Mtu aliyezoea hapa kupandisha bei bila kusema sababu, au kumwacha mwenzake njiani kwa sababu ya franka 200, ataizoea na kule.

Komite inakutana Jumamosi baada ya usafi. Naomba kila mchezaji aje, na hasa wale wanaonung'unika wakati wa kula. Waseme pale mbele ya daftari. Kama kuna mtu aliye na hesabu nzuri kuliko hii yangu, ailete imeandikwa, nasi tutaipigia kura. Ila zamu ya kwanza isichezwe kabla ya bei kuandikwa ubaoni.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita wa wanafunzi, klasi ya mwisho